Sakafu ya Mchanga Inayowarudishia Samaki Kazi Yao

Lamprologus ocellatus ni samaki wa sentimita 5 hivi, lakini akikuta gamba tupu la konokono juu ya mchanga wa Ziwa Tanganyika hatulii mpaka amelifukia. Huchimba upande mmoja wa gamba hadi lididimie. Huliuma ukingoni na kulivuta mpaka tundu lake lielekee juu. Kisha hulipa mgongo na kupiga mkia kwa nguvu, mchanga ukirushwa nyuma yake, tena na tena, hadi gamba lote limefunikwa na kilichobaki wazi ni tundu tu. Humo ndimo anamokimbilia adui anapotokea, na jike naye hutaga mayai ndani ya gamba la namna hiyohiyo.

Samaki huyo akiwekwa kwenye tangi la nyumbani lililotandazwa changarawe ya milimita 5, kazi yote hiyo inakwama. Punje moja ya changarawe ni nzito mno kwa mkia wake, na hata akifanikiwa kuisogeza, shimo halishiki umbo. Anaweza kula na kuishi miaka, ila ile tabia iliyomfanya mtu atamani kumfuga haitaonekana.

Hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote inayowafanya wafugaji wa samaki wa mapambo waondoe changarawe na kutandaza mchanga. Kwa maneno kazi ni nyepesi: toa hiki, weka kile. Kwa vitendo, sakafu ya tangi inakaliwa na viumbe wengi kuliko wanaoogelea juu yake, wadogo wasioonekana kwa macho, na ndio wanaozuia maji yasigeuke sumu. Anayebadilisha sakafu anagusa makazi ya samaki na ya viumbe hao kwa mkono mmoja, na mafanikio yake yanategemea kuwatendea haki wote wawili.

Ziwa na wakazi wa mchangani

Ziwa Tanganyika, linalomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina kina cha mita 1,470 na zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa sato na perege. Karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wamegawana ziwa: wako wa miambani, wako wa maji ya wazi, na wako ambao maisha yao yote yako juu ya mchanga.

Samaki wa jenasi ya Xenotilapia hupata riziki kwa kuchekecha. Hutumbukiza mdomo mchangani, huchota kinywa tele, hutafunatafuna, na mchanga huanza kutiririka kupitia matamvua pande zote mbili za kichwa. Wadudu na viumbe wadogo hubaki kinywani na kumezwa. Dume wa Cyathopharynx furcifer hutumia mchanga kwa uchumba: huubeba kinywani fungu baada ya fungu na kujenga shimo la duara lenye kingo zilizoinuka, kisha hucheza juu yake jike apitapo.

Halafu kuna wakazi wa magamba. Konokono Neothauma tanganyicense akifa, gamba lake halipotei upesi, kwa kuwa maji ya ziwa hili yana alkali na hayayeyushi chokaa kwa urahisi. Kwa hiyo magamba hurundikana chini kwa wingi, na baadhi yaliyopimwa umri yamekutwa na mamia ya miaka. Kusini mwa ziwa, upande wa Zambia, makundi ya Neolamprologus multifasciatus huishi humo. Hawa hawafukii gamba kama ocellatus. Huchota mchanga kwa kinywa na kuutema pembeni, mpaka kundi zima linakaa kwenye bonde la magamba yaliyo wazi. Lamprologus callipterus amefika mbali zaidi: dume huyabeba magamba mdomoni na kuyakusanya penye himaya yake, na majike huingia humo kutaga. Dume lazima awe mkubwa aweze kubeba gamba, jike lazima awe mdogo aweze kuliingia, na matokeo yake dume ana uzito wa zaidi ya mara 10 ya jike.

Samaki wa ziwa hili walianza kusambaa kwa wingi kwenye matangi ya Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970, hasa kupitia Mbelgiji Pierre Brichard aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Burundi. Neolamprologus brichardi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1974, amepewa jina lake. Samaki walisafiri, mchanga wao mara nyingi ulibaki nyuma.

Si sikilidi wa Tanganyika peke yao wanaohusika. Kambale wadogo wa Amerika Kusini wa jenasi ya Corydoras, wanaouzwa karibu kila duka la samaki wa mapambo, hulala njaa ya tabia juu ya changarawe. Wakiwa kwenye mchanga huzamisha pua hadi machoni, wakitafuta chakula kwa sharubu na kutoa punje kupitia matamvua. Wakiwa kwenye mawe yenye ncha kali, au kwenye sakafu iliyojaa uchafu, sharubu hizo huchubuka, huingiwa na bakteria, na huweza kulika hadi vibakie vishina.

Jinsi changarawe ilivyotawala

Watu wa kwanza kuelewa tangi la samaki hawakuanza na changarawe. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington alieleza mbele ya wanakemia wenzake mjini London jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo chenye mchanga na tope chini, mmea wa Vallisneria, na baadaye konokono wa kula majani yanayooza. Mimea ilitoa oksijeni, konokono alisafisha, maji yakadumu. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma.

Changarawe ilipata kiti chake katikati ya karne ya 20, pale filta ya chini ya sakafu iliposambaa. Ilikuwa bamba la plastiki lenye matundu, linalowekwa chini kabisa ya tangi, na juu yake changarawe. Mapovu ya hewa yalipanda ndani ya bomba na kuvuta maji yapite katikati ya mawe hadi chini ya bamba. Changarawe yenyewe ndiyo iliyokuwa filta. Mchanga haukufaa hapo hata kidogo, kwa sababu punje zake zingepenya kwenye matundu na kuziba kila kitu.

Leo matangi mengi hutumia filta ya sponji, ya kuning'inizwa ukingoni au ya kopo nje ya tangi. Lile bamba limeondoka majumbani mwa watu wengi, lakini changarawe imebaki kwa mazoea. Samaki hawakuwahi kuiomba.

Hesabu ya punje

Mwaka 1922 mwanajiolojia Mmarekani Chester Wentworth alipanga ngazi za ukubwa wa punje ambazo wanasayansi wanazitumia hadi sasa. Kwake, mchanga unaanzia sehemu ya kumi na sita ya milimita na kuishia milimita 2. Kinachozidi hapo si mchanga tena. Changarawe ya madukani huwa kati ya milimita 2 na 5, na mchanga unaowafaa samaki wengi huwa kati ya nusu milimita na milimita 1.

Tofauti hiyo ndogo hubadilisha mengi. Tukichukulia punje za mviringo zenye nafasi wazi ya asilimia 40 katikati yake, lita moja ya changarawe ya milimita 5 ina jumla ya eneo la nje la mita ya mraba 0.7 hivi. Lita moja ya mchanga wa nusu milimita ina mita za mraba 7, mara 10 zaidi. Kwa kuwa bakteria wanaosafisha maji hushikamana na nyuso za vitu, mtu angetarajia mchanga uwe filta bora mara 10.

Haiwi hivyo, na sababu yake iligunduliwa na wahandisi wa maji ya bomba. Katika miaka ya 1890, Allen Hazen, aliyekuwa akichunguza michanga ya kuchujia maji huko Massachusetts, alionyesha kwamba urahisi wa maji kupita mchangani hufuata kipenyo cha punje kikizidishwa kwa chenyewe. Punje ikipungua mara 10, maji hupita kwa shida mara 100. Kwenye changarawe maji huingia na kutoka. Kwenye mchanga yanakaribia kusimama, na oksijeni inabidi ipenye polepole kwa kusambaa yenyewe. Sentimita chache chini, huwa imekwisha kutumika.

Hapo ndipo sakafu ya mchanga inapogawanyika tabaka mbili. Juu kuna bakteria wanaohitaji oksijeni. Chini kuna wengine wanaoishi bila hiyo, na baadhi yao hufanya kazi ya manufaa ya kuvunja nitrati na kuirudisha hewani ikiwa gesi ya nitrojeni. Mwanasayansi Jean Jaubert wa Monaco alijenga mfumo mzima wa matangi ya maji chumvi juu ya kanuni hiyo. Lakini tabaka likiwa nene mno na uchafu mwingi ukizikwa humo, bakteria wa aina nyingine hutengeneza hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza na sumu kwa samaki. Madoa meusi yanayoonekana mchangani kupitia kioo ndiyo alama yake.

Kwa tangi la kawaida, kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha na hakileti hofu hiyo. Konokono Melanoides tuberculata, mwenyeji wa maji mengi ya Afrika, husaidia sana: mchana hujifukia na usiku hutembea, akiutibua mchanga taratibu bila kuombwa.

Kuna faida nyingine inayoonekana siku ileile. Kwenye changarawe, chakula kinachoponyoka na kinyesi huzama katikati ya mawe, mahali ambapo samaki hafiki, na huozea huko. Kwenye mchanga hubaki juu. Samaki hukiokota chakula, na mfugaji hukinyonya kinyesi kwa mpira akiushika sentimita moja au mbili juu ya mchanga.

Wasafishaji wasioonekana

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Nitrobacter kwa kazi ya pili. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walichunguza matangi ya maji baridi na kukuta kwamba mtenda kazi ni wa kundi jingine, Nitrospira. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kuwa katika filta nyingi za matangi amonia inashughulikiwa pia na akea, viumbe wa chembe moja wasio bakteria. Na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba baadhi ya Nitrospira hufanya kazi zote mbili peke yao. Mojawapo ya sampuli zilizothibitisha jambo hilo ilitoka kwenye filta ya mfumo wa kufugia samaki.

Viumbe hawa huzaliana polepole. Wakati bakteria wa kawaida wa tumboni wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya dakika 20, hawa huhitaji saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia. Changarawe ya zamani ikitolewa yote kwa mara moja, sehemu ya jeshi hilo hutupwa nayo. Tangi lenye filta kubwa ya sponji halitasikia sana. Tangi ambalo bado linategemea bamba la chini limeondolewa filta yake yote.

Kwa wanaofuga samaki wa Tanganyika, hatari ni kubwa zaidi, na kemia inaeleza kwa nini. Amonia majini ina sura mbili: moja yenye chaji isiyodhuru sana, na nyingine isiyo na chaji inayopenya matamvua na kuua. Uwiano wake hutegemea pH. Kwa nyuzi joto 25, penye pH ya 7 sura ya sumu haifiki asilimia 1. Penye pH ya 8 ni asilimia 5 hivi. Penye pH ya 9 inapita theluthi moja. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yanakaribia 9, na tangi linaloyaiga hukaa juu ya 8. Kiasi cha amonia ambacho tangi la samaki wa Amazon lingekivumilia kinaweza kuwa mauti hapa.

Kuchagua mchanga

Punje bora ni zile zilizoviringishwa na maji. Mchanga wa mtoni kwa kawaida unafaa, maana safari ndefu imesugua ncha zake. Ule unaouzwa kwa lori kwa ajili ya ujenzi huweza kuwa na udongo, majani, hata mafuta ya magari, kwa hiyo lazima ukaguliwe na kupitishwa kwenye chekeche. Vumbi la mawe kutoka mashine za kokoto liachwe kabisa: punje zake zimevunjwa jana na juzi, na zina makali yanayochana matamvua ya samaki wachekechao.

Mchanga mweupe wa fukwe za Zanzibar na Mafia una asili nyingine. Sehemu kubwa yake ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Chokaa huyeyuka kidogokidogo na kupandisha pH na ugumu wa maji. Matone machache ya siki juu ya mchanga mkavu yanatoa jibu: ukitoa mapovu, una chokaa. Kwa samaki wa Tanganyika hilo si tatizo, bora chumvi yote ioshwe. Kwa samaki wa maji laini ya Amazon, ni kosa.

Kiasi nacho hupigiwa hesabu mapema. Tangi lenye sakafu ya sentimita 100 kwa 40, likitandazwa sentimita 4, linahitaji lita 16 za mchanga, karibu kilo 25 ukiwa mkavu.

Siku ya kuhama

Wako wanaojaribu njia ya mkato: kumwaga mchanga juu ya changarawe. Fizikia inawakatalia. Punje ndogo hupenya kwenye mianya ya kubwa na kushuka, kubwa husukumwa juu, na baada ya muda changarawe inarudi usoni huku chini pakiwa na tabaka lililojaa uchafu ulionaswa. Changarawe lazima itoke.

Mchanga huoshwa kwanza, kidogokidogo ndani ya ndoo, ukikorogwa kwa mkono na maji yakimwagwa, kama mtu aoshavyo mchele kabla ya kuupika. Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai ya maziwa. Huoshwa mpaka mkono uonekane hadi chini ya ndoo, na kwa mchanga wa mtoni kazi hiyo yaweza kumaliza asubuhi nzima. Anayeikatisha atalipa kwa maji ya ukungu kwa siku kadhaa.

Kisha samaki huhamishiwa kwenye ndoo kubwa au pipa safi, ndani ya maji yao wenyewe, pampu ya hewa ikiwaka na mfuniko ukiwa juu. Filta isizimwe na kuachwa: bakteria waliofungiwa ndani ya kopo hukosa oksijeni na kuanza kufa. Iendelee kuzungusha maji kwenye pipa hilohilo la samaki. Wala isisafishwe wiki hiyo, na sponji yake isipelekwe bombani kamwe, kwani klorini inayolinda watu huua wale wanaotegemewa sasa.

Changarawe huzolewa kwa kikombe au kizoleo kipya. Ikiguswa tu, wingu la kahawia hupanda, uchafu wa miezi au miaka uliokuwa umelala katikati ya mawe. Kuwaacha samaki humo ni kuwaogesha kwenye amonia. Maji machafu hunyonywa na kumwagwa. Ngumi mbili au tatu za changarawe ya zamani hutiwa kwenye mfuko wa wavu na kuwekwa ndani ya maji ya samaki, zisikauke. Huo ni mbegu ya bakteria.

Mawe makubwa ya mapambo hukaa moja kwa moja juu ya kioo cha chini, kabla ya mchanga. Samaki wachimbaji hawajui mzigo ulio juu yao, na jiwe lililosimamishwa juu ya mchanga huweza kuporomoka usiku na kuvunja kioo. Mchanga hutandazwa kuzunguka mawe, sahani huwekwa juu yake, na maji humiminwa polepole juu ya sahani ili usitibuke. Maji mapya yawe yametolewa klorini, na joto na pH vikaribiane na vya zamani. Mfuko wa changarawe huwekwa karibu na mkondo wa filta, na mdomo wa kunyonyea maji huvishwa sponji na kuinuliwa juu ya mchanga, kwa kuwa punje zikiingia kwenye pampu husaga panga zake. Filta huwashwa mchanga ukishatulia, na samaki hurudi.

Wiki zinazofuata

Chakula kipunguzwe nusu katika siku za mwanzo. Amonia na nitriti zipimwe kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila siku mbili au tatu. Zote zinatakiwa zisome sifuri. Amonia ikijitokeza, theluthi ya maji ibadilishwe siku hiyohiyo, na kesho yake ipimwe tena. Samaki wanaohema upesi juu ya maji wanatoa taarifa kabla ya kipimo chochote.

Mchanga wenyewe hautabaki ulivyotandazwa. Vilima na mabonde yatatokea, na huenda kona moja ikachimbwa hadi kioo kionekane. Kuusawazisha ni kuwabomolea. Ukaguzi unaofaa ni wa madoa meusi pembeni ya kioo, na pakionekana, mchanga wa hapo utibuliwe kidogo kwa kijiti, eneo dogo kwa wakati. Mfuko wa changarawe ukae wiki 4 hadi 6. Vipimo vikiwa vimesoma sifuri kwa wiki mbili mfululizo, nusu ya changarawe hiyo itolewe na vipimo virudiwe. Vikibaki hivyo, iliyosalia nayo inaweza kutoka.